Mlango wa Nyumba ya Bibi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Urithi Mjini Tabora

Kisa hiki kilianza kwa dalali. Katika mtaa mmoja wa zamani mjini Tabora, si mbali na Gongoni, ipo nyumba ya matofali mabichi ambayo kuta zake zimekwisha kuanza kuinama, na mbele yake upo mlango wa mbao mbili wenye nakshi, wa aina ambayo wapita njia huuita, bila kufikiri sana, mlango wa Kiarabu. Dalali huyo alifika wakati wa kiangazi akitokea Dar es Salaam, akaeleza kwamba anaye mteja anayejenga nyumba ya wageni ufukweni, na kwamba mteja huyo anautaka mlango pamoja na miimo na vizingiti vyake. Fedha aliyoitaja ingetosha kuujenga upya ukuta wa mbele kwa matofali ya kuchoma na kuiezeka nyumba nzima kwa bati jipya. Kabla jua halijatua, familia ilikuwa imekwisha kugawanyika.

Mimi niliitwa siku ya tatu, nikiwa mwalimu mstaafu wa Historia niliyewafundisha karibu nusu ya wajukuu wa nyumba ile. Nilihudhuria vikao vitatu, nikaandika yaliyosemwa. Wenyewe wameniruhusu kukieleza kisa hiki. Majina sikuyataja, na mambo machache ambayo yangeweza kuitambulisha nyumba nimeyabadili. Kilichonivuta si uzuri wa mlango, ingawa ni mzuri. Ni kwamba vikao vile vilinionyesha jambo ambalo kwa miaka mingi nililipita darasani bila kulisimamia: katika mji wa watu mchanganyiko, urithi unaogombaniwa una nafuu, kwani walau una wenyewe; unaoondoka kimya kimya ni ule ambao kila mmoja anaamini kuwa ni wa jirani yake.

Wahusika kwanza. Mwenye nyumba ni mwanamke mkongwe ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Baba yake alikuwa Mmanyema, fundi cherehani. Mama yake alikuwa Mnyamwezi. Mume wake, ambaye ni marehemu, alikuwa na babu aliyetoka Oman. Mmoja wa binti zake ameolewa na Mha wa Kasulu, na wajukuu wa upande huo hupitisha likizo zao Tabora wakichanganya maneno ya kwao na Kiswahili kwa namna inayomchekesha Bibi kila mara. Nyumba ilinunuliwa na baba yake kutoka kwa warithi wa mfanyabiashara mmoja Mwarabu waliokuwa wakihama, na mlango ulikuwepo tayari. Baada ya baba kufariki mirathi haikugawanywa. Bibi alibaki ndani, kaka yake akaenda Mwanza, na kaka huyo naye alipofariki, haki yake ikahamia kwa watoto wake. Kwa hesabu ya sheria ya Kiislamu ambayo familia inaifuata, kaka alistahili mafungu mawili ambapo dada alistahili moja; kwa hiyo watoto wa kaka, ambao hawajawahi kulala katika nyumba ile zaidi ya wiki moja, ndio wenye sehemu kubwa zaidi.

Mkubwa wao, mfanyabiashara wa vipuri, ndiye aliyempokea dalali kwa simu. Alisafiri kutoka Mwanza, akakaa mbele ya shangazi yake kwa heshima zote, akasema maneno ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote: "Shangazi, sisi si Waarabu. Mlango huu watuhusu nini?"

Hakuna aliyemjibu kikao hicho. Hata waliotaka mlango ubaki walitafuta hoja nyingine: kwamba bei ni ndogo, kwamba dalali haaminiki, kwamba ukibomoa miimo ukuta wote utaanguka. Jina lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Kitu kikishaitwa cha Kiarabu katika familia inayojihesabu kuwa ya Kimanyema, kinageuka kuwa mali tu, na mali huuzwa pale bei inaporidhisha.

Ni vyema basi kuliangalia jina lenyewe. Usiku ule niliomba taa, nikauchunguza mlango pamoja na mjukuu mmoja wa kike anayesoma chuo kikuu. Mbao ni za mninga, mti wa miombo ya Unyamwezi ambao maseremala wa Tabora wanaujua kwa harufu kabla ya kuuona. Kizingiti cha juu kimenyooka, hakina tao, na miimo imezungushiwa mnyororo uliochongwa, ukikatizwa na maua. Katikati umesimama mfaa, ule ubao unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Vichwa vya shaba vilivyopangwa kwa mistari ni mtindo uliovuka bahari kutoka Bara Hindi, na mafundi wa Kihindi na Waswahili walikuwa miongoni mwa wachongaji wakubwa wa milango ya namna hii katika pwani yetu. Majina ya sehemu zake, mfaa, miimo, tumbuu (pete ya chuma ya kufungia), komeo, ni Kiswahili kitupu. Mteja wa kwanza yawezekana kabisa alikuwa Mwarabu. Lakini kumpa mteja jina la kazi nzima, tukaisahau mikono, miti na lugha iliyoifanya, ni sawa na kuliita shamba kwa jina la mnunuzi wa mpunga.

Mji wenyewe umejengwa hivyo hivyo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la Tabora, mwezi Novemba 1857 waliukuta mji wa misafara, mahali ambapo njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikielekea falme za kaskazini. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utemi uliouzunguka mji huu, na ndoa ile haikuwa kioja. Biashara isingesimama bila undugu na watemi. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912 iliongeza watu juu ya watu. Mtu anayetafuta Tabora ya kabila moja atalazimika kurudi nyuma mno, na huko atakakofika hataukuta mji.

Hapo ndipo mjukuu yule wa chuo kikuu aliponisimamisha, na ninakiri kwamba alikuwa sahihi kunisimamisha. Alikwishaona kwamba mwalimu wake wa zamani ameanza kupamba. Katika kikao cha pili alisimama akasema kwamba mchanganyiko huo mzuri haukutokea kwa kualikana harusini peke yake. Watu walioitwa Wamanyema walipewa jina hilo kwa kuwa walitoka upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maniema huko Kongo, na chini ya jina moja yalikusanywa makabila mengi. Wako waliofika kama wafuasi na wafanyabiashara wa misafara; wako wengi waliofika wakiwa wamefungwa. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari kutoka Zanzibar, lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Akaonyesha kwa mkono mnyororo uliochongwa kwenye miimo, akauliza ni kwa nini familia ya Kimanyema iutunze.

Kuhusu maana ya mnyororo huo katika milango ya pwani yapo maelezo mengi. Wako wasemao ni alama ya ulinzi, kwamba unaifunga nyumba dhidi ya mabaya. Wako wasemao ni alama ya mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watu. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya hayo kuhusu mlango huu, na sidhani kwamba aliyeuchonga aliacha maelezo. Ila swali la binti halikuhitaji jibu la mchongaji. Lilihitaji jibu la waliopita chini ya nakshi ile kwa miaka mingi.

Jibu lilitoka kwa Bibi, ambaye hadi wakati huo alikuwa amekaa juu ya mkeka akichambua mchele. Alisema kwamba baba yake, mtoto wa watu walioletwa na msafara, aliinunua nyumba ile kutoka kwa watoto wa watu waliokuwa na misafara, kwa fedha ya cherehani, shilingi kwa shilingi, na kwamba siku alipokabidhiwa ufunguo alikataa kuingia kwa mlango wa uani. "Aliingilia hapa," akasema, "na mama yangu akaingizwa bibi harusi hapa. Mnyororo huo mnaousema, baba yangu aliulipia."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Wataalamu wa urithi hupenda kuuliza kitu kilitengenezwa na nani na kwa ajili ya nani, na maswali hayo yana mahali pake. Lakini katika jamii yenye makabila mengi na historia yenye majeraha, maana nzito zaidi ya kitu inaweza kuwa ni ile iliyopatikana kilipobadili mikono. Mlango ule ulichongwa kama alama ya ukubwa wa mtu mmoja. Ulipopita mikononi mwa fundi cherehani Mmanyema ukawa hati ya jambo jingine kabisa, hati ambayo haiwezi kusomeka mlango ukihamishiwa mapokezi ya nyumba ya wageni ufukweni. Kule utasifiwa; picha zitapigwa mbele yake; na kibao kidogo kitaandikwa, bila shaka, mlango wa Kiarabu.

Binti hakuridhika yote, na sioni sababu ya kudai kwamba aliridhika. Alisema kwamba ikiwa mlango utabaki, basi habari ya msafara isemwe pamoja nao, watoto wasifundishwe kuusifu tu. Hakuna aliyempinga.

Upande wa sheria niliueleza kwa ufupi kwa kuwa hapo hapakuwa na utata mkubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kwa namna ya pekee inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Familia haina karatasi ya kuthibitisha umri wa mlango. Lakini Bibi, kwa hesabu yao, alizaliwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza, na mama yake aliingia kwa mlango huo huo akiwa bibi harusi. Hiyo peke yake inauweka upande wa nyuma wa 1940. Kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali, na hata kwa mnunuzi wa ndani niliwashauri wasipokee senti kabla ya kuonana na afisa utamaduni wa manispaa. Mtoto wa kaka alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la haki ambalo sheria haina jibu lake: kama taifa linaona mlango ni wake, je, taifa litaezeka paa?

Swali hilo linastahili kukaliwa kuliko linavyokaliwa kwa kawaida. Tunasema urithi ni wa wote, halafu gharama tunamwachia mmoja. Bibi alikuwa akilala katika chumba kinachovuja ili sisi wengine tupite barabarani tukifurahia nakshi. Sera ya Utamaduni ya 1997 imeandika mengi mazuri kuhusu kuhifadhi, na Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Lakini nyumba za watu wa kawaida zilizo kandokando ya njia hiyo hazimo katika orodha yoyote, na mchwa hawasomi orodha.

Kwihara yenyewe, kilomita chache kutoka mjini, ni mfano mwingine wa ugonjwa wa majina. Tembe lile ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, baada ya kuagana na Stanley, akisubiri wapagazi alioahidiwa kutoka pwani, wenyeji wengi wa Tabora hulihesabu kuwa la Wazungu na hawajawahi kulikanyaga. Ilhali lilikuwa nyumba ya wafanyabiashara Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, na aliyekuwa akisubiriwa ni mpagazi. Ngoma tunaziita za Wanyamwezi, mlango wa Waarabu, tembe la Wazungu, kanzu na kofia za watu wa pwani. Kila kitu kimepewa mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi hayupo. Baada ya sensa ya 1967 nchi yetu iliacha kuhesabu watu kwa makabila, uamuzi ambao naukubali. Vitu, hata hivyo, tumeendelea kuvihesabu hivyo.

Kikao cha tatu kiliokolewa na jirani, na jambo lililokiokoa ni urithi wa aina nyingine ambao hauna mbao wala shaba. Mzee huyo ni Mnyamwezi, muuza asali. Alipoingia alitusalimu "mwangaluka" ingawa wengi wetu hatukuweza kuitikia vizuri, kisha akamkuta dalali amekaa kwenye kiti karibu na mtoto wa kaka, ameleta sehemu ya fedha kwenye bahasha. Hali ilikuwa imekaza. Bibi hakutaka kumfukuza mgeni, na mtoto wa kaka hakutaka kuaibishwa mbele ya mtu aliyemwita mwenyewe. Mzee akamuuliza dalali kabila lake. Akajibu kuwa ni Mzaramo.

Uso wa mzee ulibadilika. "Kumbe mtani! Babu yangu alikubebeeni pembe kwa bega mpaka Bagamoyo, leo umekuja unibebeshe na mlango?" Dalali akacheka, akarudisha: "Mnyamwezi wewe, kazi yako si kubeba? Sogeza bega basi." Mzee akamwambia hatoki na mlango, labda atoke na kizingiti cha chini ambacho mchwa wamekwisha kukila, akampikie mke wake wali wa nazi juu ya kuni hizo. Watu wakaangua kicheko, hata mtoto wa kaka. Dalali aliirudisha bahasha mfukoni, akanywa chai, akaaga kwa mikono miwili.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo husemwa kuwa umetokana na safari zile zile za wapagazi kwenda pwani, pale mtu alipokuwa mbali na ndugu zake akahitaji wa kumzika, wa kumlisha na wa kumtukana bila vita. Maneno aliyoyasema mzee yangetoka kwangu yangekuwa matusi na dalali angeondoka na kinyongo, pengine arudi na wakili. Yalipotoka kwa mtani yalikuwa ruhusa ya kuondoka bila kushindwa. Vitabu vya shule vinautaja utani kama kichekesho cha mila. Mimi niliuona ukifanya kazi ambayo baraza la usuluhishi lingeifanya kwa miezi, na kwa chai ya rangi tu. Tena ulifanya kazi kwa sababu pande zote mbili, moja ya bara na moja ya pwani, bado zinazijua kanuni zake. Upande mmoja ukisahau, unabaki ukali mtupu.

Baada ya mgeni kuondoka ndipo hesabu ya kweli ilipofanyika. Familia ilikubaliana kwamba haki ya watoto wa kaka ipo na isifunikwe kwa maneno ya urithi. Chumba cha mbele upande wa kushoto kitavunjwa ukuta na kufanywa fremu ya duka, kodi yake iende Mwanza hadi kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo igawanywe kwa mafungu. Mchango wa wajukuu, pamoja na wa yule Mha wa Kasulu ambaye kisheria hana hata tofali moja pale, utatengeneza paa la chumba cha Bibi kwanza. Mlango utabaki mahali pake. Maafikiano yaliandikwa, yakawekwa saini, na yatapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na ombi la kumteua msimamizi wa mirathi, jambo ambalo lilipaswa kufanywa miaka mingi iliyopita.

Mtaalamu wa majengo ya kale angesikitika akiuona uso wa nyumba ile sasa. Kushoto kwa nakshi upo mlango wa chuma wa kukunja, umepakwa rangi ya mtandao wa simu, na kijana anauza vocha na soda. Mimi siusikitikii sana. Fremu moja inailipia nyingine, na nyumba ambayo watu wanakaa ina maisha marefu kuliko ile iliyofungwa ili itazamwe.

Kilichonisumbua ni kidogo zaidi. Mjukuu wa chuo kikuu alikaa na Bibi siku mbili akichora mlango na kuandika jina la kila sehemu, na ikadhihirika kwamba katika nyumba nzima ni Bibi peke yake aliyejua mfaa ni upi na tumbuu ni ipi. Wengine wote, pamoja nami kwa baadhi ya majina, tulisema "kile kibao" na "kile chuma". Karatasi hizo amenipa nakala. Ukurasa wa mwisho ameandika habari ya msafara na ya fundi cherehani, kama alivyotaka.

Kizingiti cha chini, alichokitania mzee, kilikuwa kimeliwa kweli. Fundi seremala kutoka Ng'ambo alikuja na kipande cha mninga kikavu, akakipima, akauliza kama wanataka akichonge mnyororo uungane na ule wa miimo. Alisema wazi kwamba hajawahi kuchonga nakshi ya namna hiyo ila anaweza kujaribu. Bibi alimwambia asijaribu, akakilaze hivyo hivyo, bila ua wala mnyororo. Kipo pale, chekundu bado, na mtu yeyote anayeingia anaona kwamba ni kipya.